Mke Wangu Anasemesha Karatasi Bafuni

Mpendwa mshauri, naomba uniokoe kabla ya Alhamisi, maana ikifika Alhamisi naweza kufanya jambo ambalo sitaweza kulirudisha nyuma, na mimi si mtu wa fujo, muulize yeyote pale kazini.

Mimi ni mlinzi wa geti kwenye jengo la ofisi, mwaka wa tisa huu, zamu ya mchana, na kazi yangu ni kuandika nani kaingia, saa ngapi, kabeba nini na katoka na nini, kwa hiyo usinione wa ajabu nikikwambia kwamba tangu mwezi uliopita nimefungua daftari la pili, la nyumbani, kwa ajili ya mke wangu, kwa sababu kuna kitu kinaendelea ndani ya nyumba yangu na mimi si mtoto wa kudanganywa kwa pipi.

Mke wangu anafua na kupiga pasi mashuka hotelini, kule chini kabisa kwenye chumba kisicho na dirisha, mwaka wa sita sasa, na siku zote akirudi alikuwa anavua viatu, anakaa, tunaongea. Siku hizi hakai. Anapitiliza bafuni na kujifungia. Nakunukulia daftari: "Jumanne, saa kumi na mbili kasoro dakika kumi jioni, kaingia bafuni na simu, kioo cha mkononi na kitu kidogo cheupe. Sauti ya mwanamume imesikika. Katoka saa kumi na mbili na robo. Midomo inaonekana imechoka."

Mungu anisamehe, nilichungulia kwenye tundu la kitasa. Ameshika kipande chembamba cha karatasi mbele ya midomo yake anakisemesha, neno moja, karatasi inaruka, anasema tena, isiporuka anakunja uso na kuanza upya, mara arobaini kwa hesabu yangu, halafu kesho yake nikamkuta amevalisha mpira wa kufungia bahasha kwenye vidole gumba viwili, anauvuta na kuuachia huku ananong'ona, na kwenye mkoba wake nikakuta penseli yenye alama za meno pande zote mbili. Mshauri, mimi si mtu wa ushirikina, lakini mtu anayesemesha karatasi anaiomba nini? Nilimsimulia mwenzangu wa zamu, akaacha kutafuna.

"Hiyo dawa ya mvuto, kaka. Karatasi inabeba jina."

"Jina la nani?"

"La mwenye sauti. Sasa unataka nikuchoree?"

Chakula cha mchana kilinishinda siku hiyo.

Jumapili alipokuwa anaanika nguo nikafungua simu yake. Nimekuta sauti thelathini na moja. Mwanamume anasema kwa Kiingereza, taratibu kabisa, habari za asubuhi, karibu, nikusaidie nini, kisha kimya, kisha mke wangu anasema vilevile, kisha mwanamume anarudia na mke wangu anamfuatisha, na nyingine anasema tafadhali subiri kidogo, nakuunganisha sasa hivi. Amwunganishe na nani? Na usidhani nilibahatisha, Kiingereza nakijua, nimekipata hapo hapo getini kwa wageni, ndani ya nyumba yetu anayekijua ni mimi, na nilielewa kila neno bila kutafsiriwa. Halafu nyuma ya kava la simu nikakuta kikaratasi kimekunjwa, kimeandikwa: "Alhamisi saa nne asubuhi, kwa simu. Usiogope." Mwandiko si wake. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Nikaichukua simu. Sasa hivi iko kwenye kabati langu pale getini, imezimwa. Tangu Jumapili anaitafuta, amepindua godoro, amemwaga kapu la nguo chafu sakafuni, akaniambia, "Baba, hebu nipigie, huenda ikaita mahali." Nikapiga, ikawa haipatikani, nikamsaidia kutafuta hadi chini ya jiko. Analia mshauri, mtu mzima analilia simu, huo si ushahidi?

Na usije ukaniambia labda nilimkosea, hatujagombana hata siku moja. Labda ile siku kaka yangu na shemeji walipokuja kula, mke wangu akasoma maandishi ya kwenye kopo la rangi kwa Kiingereza, nikamwigiza kidogo namna anavyotamka, nikasimama kabisa na kopo mkononi, tukacheka sana, yeye akaenda kuosha vyombo. Lakini huo ni utani tu, na hauhusiani na haya, haya yameanza kama wiki moja baadaye.

Nataka kujua kitu kimoja. Alhamisi niombe ruhusa kazini, nirudi saa nne nimfumanie na simu ya kuazima, au nimuulize mbele ya ndugu?

Mimi, Daftari Mkononi.

MSHAURI ANAJIBU

Ndugu Daftari Mkononi, barua yako nimeipandisha juu ya barua nyingine zote, na wenyewe wanisamehe, kwa sababu Alhamisi ni keshokutwa na wewe ndiye uliyeshika ufunguo wa kabati.

Nianze na karatasi. Hiyo si dawa ya mvuto, na huyo mwenzako wa zamu mwambie arudi kwenye chakula chake. Kabla sijakaa kwenye meza hii nilipokea simu za ofisi miaka mingi, na nilianza na kipande cha karatasi kama hicho hicho. Kwa wengi wetu herufi kama p, t na k hutoka kimya kimya mdomoni, lakini Mwingereza huzisukuma kwa pumzi neno linapoanza. Karatasi ikiruka, umepatia. Mpira nao ni wa kujifunza mkazo: Kiswahili chetu hukanyaga silabi ya pili kutoka mwisho karibu kila neno, Kiingereza hukanyaga kinapojisikia, kwa hiyo unavuta mpira pale sauti inapotakiwa kurefuka. Penseli hung'atwa ili mdomo ufanye kazi kwa bidii, halafu ukiitoa maneno yanatoka mepesi. Kuhusu huyo mwanamume, niambie mwenyewe: ni mpenzi gani anayesema sentensi moja, ananyamaza asikilize, anairudia ile ile tena na tena na hachoki? Huyo ni sauti ya kufundishia, ndugu yangu.

Habari za asubuhi, karibu, nikusaidie nini, subiri nakuunganisha. Mkeo anataka kupanda kutoka kwenye chumba kisicho na dirisha aende akapokee simu za wageni. Alhamisi saa nne atapigiwa apimwe. Kuna mtu mwema kazini kwake aliyemwandikia kikaratasi asiogope. Mimi sijawahi kumwona mkeo, na sina hati ya kuthibitisha kwamba ni malaika, lakini kwa haya uliyoniletea hakuna fumanizi hapa. Kuna mtihani, na mtahiniwa ameibiwa simu na mumewe.

Sasa zamu yangu ya kushuku. Umejisifu kwamba Kiingereza unakijua na ulielewa kila neno bila kutafsiriwa. Unakaa getini mwaka wa tisa, kila siku unasikia watu wa mapokezi wakisema maneno hayo hayo. Inakuwaje hukuyatambua? Nimesoma barua yako mara tatu na jibu ninaloliona halinipendezi: nashuku uliyatambua. Nashuku ulisimama pale na simu sikioni, ukasikia mkeo anatamka vizuri kuliko wewe, na ukaona afadhali awe na hawara, kwa sababu hawara utamfukuza, lakini Kiingereza kikishaingia kwa mkeo hutakitoa. Ndani ya nyumba yenu anayekijua ni wewe. Umeliandika hilo mwenyewe, na sikukulazimisha.

Kama nimekosea nitumie barua nyingine unisute. Kama sijakosea, ona aibu kidogo, haiui.

Halafu kuna lile kopo la rangi. Umemfungulia mkeo daftari zima, saa na dakika, lakini siku uliyosimama mbele ya shemeji zake ukamwigiza hukuiandika hata mstari mmoja. Wiki moja baadaye akaanza kujifungia. Mwanamke hajifungii na karatasi kwa sababu ana siri tamu, anajifungia kwa sababu akikosea nje ya mlango kuna mtu atakayecheka. Umenitajia kikulacho. Kinachomla yeye nacho ki nguoni mwake, na kimevaa sare ya ulinzi.

Umemtazama akipindua godoro. Umeinama naye chini ya jiko kutafuta kitu ulichokificha. Hilo, baba, limenikasirisha kuliko yote, na nimekunywa maji kwanza ndipo nikaendelea kuandika.

Fanya hivi. Leo hii, kabla zamu haijaisha, toa simu kabatini na uichaji hapo hapo getini. Usimwambie umeiokota, usimwambie ilikuwa mfukoni mwa koti. Mpe mkononi, mwambie, "Niliichukua mimi," na uyapokee yatakayokuja, kwa sababu yatakuja na utakuwa unayastahili. Daftari la nyumbani lichane mbele yake, akitaka kulisoma kwanza mwachie asome.

Na akishamaliza kukusema, mpelekee maneno yangu. Mwambie aache bafu: kuta za bafu hurudisha sauti, zinamdanganya mtu kwamba anasikika vizuri. Ajizoeze chumbani, penye pazia na godoro, asikie sauti yake ilivyo. Ajirekodi, ajisikilize siku inayofuata, dakika kumi zinatosha. Asiongee haraka ili aonekane anajua. Na asihangaike kufuta lafudhi yake, lafudhi si ugonjwa, ni alama ya alikotoka. Mgeni akipiga simu hataki kujua aliyepokea kazaliwa wapi, anataka kuelewa chumba chake kiko ghorofa ya ngapi. Alhamisi saa nne wewe uwe kazini, getini, unaandika magari ya watu wengine.

Ila kabla hujampa simu, kuna zoezi moja la kwako. Chukua kipande chembamba cha karatasi, kishike mbele ya midomo yako, useme kwa Kiswahili, kwa pumzi yako yote: "Nimekukosea." Karatasi isipotikisika, hujasema bado. Rudia.