Nafsi ya Tano

Ikonge, Ijumaa jioni, Agosti 1972

Mvua ya mawe imetupiga tangu adhuhuri. Majani ya chai yamechanika na ua wa nyumba bado ni mweupe kama umemwagiwa chumvi. Sasa kumetulia, lakini baridi haijaondoka. Mama ananiita nikale, nami nimemjibu kwamba nimeshiba. Ni uongo.

Nimejichukia leo. Naliandika hilo kwanza, kabla sijapata nafasi ya kujipamba.

Naandika kwa Kiswahili kama kawaida yangu, kwa sababu hapa nyumbani hakuna mwingine anayekisoma. Leo hasa sitaki mtu asome.

Kanisani kwetu mwaka huu kuna neno moja tu, nalo ni lengo. Lilikuja na mwinjilisti mgeni, mtu wa Taita, mpole, mwenye sauti ya kuimba hata akiomba maji ya kunywa. Alituambia kwamba kijana asiye na lengo ni jembe lisilo na mpini, linakaa pembeni na kupata kutu. Tulipiga makofi, na mimi nilipiga kuliko wote. Kisha akataka kila kijana asimame mbele ya kanisa zima na kutamka ataleta nafsi ngapi majini, yaani kwenye ubatizo, kabla ya shule kufunguliwa.

Kemunto, binti wa karani wa kituo cha chai, alisimama akasema nne. Mimi nilikuwa nimepanga kusema mbili. Nikasimama, nikakohoa kidogo kama mzee wa baraza, nikasema tano.

Hivyo ndivyo lengo langu la kiroho lilivyozaliwa. Msichana alisema nne.

Tena kulikuwa na chambo. Mimi ni mwalimu asiye na cheti. Nafundisha darasa la pili, na kila Januari nangoja kuambiwa kama bado nahitajika au nirudi kuchuma chai. Mzee mmoja wa kanisa, ambaye pia ni mtu wa kamati ya shule, alininong'oneza kwamba kijana atakayetimiza lengo lake atapendekezwa kwenda chuo cha ualimu. Chuo ndicho kitu nilichokitaka tangu nilipomaliza shule. Nilikuwa nikiota nimevaa koti, nimeshika chaki, na hakuna mtu wa kunifukuza Januari. Basi nafsi tano zikawa ngazi yangu, nami nikaanza kupanda.

Nne za kwanza sitaki kuzieleza sana. Ya kwanza ni binamu yangu, ambaye amekwisha kubatizwa katika makanisa mengine mawili. Anapenda kuimbiwa. Mbili ni za wavulana wa timu yangu ya mpira, ambao niliwaambia kwamba asiyebatizwa atakaa nje ya uwanja. Ya nne ni ya jirani yetu Obwocha, aliyekubali akiwa amelewa, na alipolevuka nikamkumbusha ahadi yake kwa ukali kama hakimu. Mwinjilisti alinishika bega akaniambia mbinguni kuna furaha. Nilifurahi pia, nadhani zaidi ya huko mbinguni.

Ikabaki moja.

Nikateremka kwa Magokoro. Hivyo ndivyo tunavyomwita bibi kwa Kikisii, na huyu ni mama yake baba. Anakaa chini ya shamba letu, karibu na mto, pamoja na Sokoro, yaani babu, ambaye macho yake yalizimika zamani. Kwetu mjukuu na bibi hutaniana bila mpaka. Mambo nisiyothubutu kuyataja mbele ya baba, kwake nayasema nikicheka, naye ananijibu mabaya zaidi. Huniita mume wake mdogo, yule mwenye meno. Anavuta ugoro. Kanisani huwa anafika mlangoni tu, siku ya mavuno, akakabidhi nafaka yake ya wimbi na kuondoka. Husema Mungu anajua yeye anakaa wapi.

Nilimwomba abatizwe. Alicheka hadi ugoro ukamwagika. Kisha akaniuliza mimi nitapata nini. Nikamweleza habari za chuo, za koti, za Januari. Akajipangusa vidole kwenye leso yake.

"Kama ni wewe unayetaka nilowe," akasema, "basi nitalowa."

Niliruka kwa furaha. Maneno yake yenyewe sikuyasikia. Leo ndipo ninapoyasikia.

Jumatano mwinjilisti akaja kumhoji, kwa kuwa kanuni ni kwamba kila anayebatizwa aulizwe maswali. Yeye hajui Kikisii, na Magokoro hajui Kiswahili. Mkalimani nikawa mimi.

Mwinjilisti akauliza kama ametubu dhambi zake. Magokoro akasema nimwambie huyu mtoto wa watu ale ndizi kwanza, amekonda, mama yake akimwona atalia. Nikatafsiri kwamba anasema ametubu. Akauliza kama yuko tayari kuyaacha maisha ya zamani. Magokoro akasema maisha ya zamani hayana neno, ila yamemchosha magoti. Nikatafsiri kwamba yuko tayari, kwa moyo wake wote. Mwinjilisti akatokwa na machozi. Akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Yule si mtu mbaya, na hilo ndilo linalonikera zaidi. Nilimdanganya mtu mwema mbele ya kikongwe aliyekuwa ananitazama huku akitabasamu. Lugha hakuielewa, lakini uso wangu anaujua tangu nilipokuwa nanyonya.

Aliposimama kuaga, mwinjilisti akatazama miguu ya bibi.

Magokoro anavaa ebitinge. Ni pete nyembamba za chuma kwenye vifundo vya miguu, kila mguu na zake. Wanawake waliobaki nazo sasa ni wachache, unawahesabu sokoni. Mhunzi alimfunga pete hizo siku ndoa yake ilipokamilika, naye hakuolewa kwa karatasi wala kwa kengele, aliolewa kwa chuma. Zikishafungwa huwa hazifunguliwi. Mwanamke akizikata, ama ameachana na mumewe, ama mumewe amekufa.

Mwinjilisti hakuyajua hayo. Aliona mapambo tu, akasema kwa upole kwamba majini mtu haingii na mapambo. Mimi niliyajua. Nilikuwa na muda wa kutosha wa kumweleza, na Kiswahili cha kutosha pia.

Nikamjibu kwamba zitatoka.

Leo asubuhi nilipanda sokoni kwa fundi wa baiskeli, nikaazima tupa yake ya kusagia chuma. Akaniuliza nakwenda kusaga nini. Nikasema bawaba ya mlango. Unaona jinsi uongo ulivyonizoea, hata pale ambapo hakuna aliyenidai ukweli.

Magokoro alikuwa ameketi kwenye gogo nje ya nyumba yake, ameosha miguu, amejipaka mafuta. Alikuwa amejiandaa. Akaunyosha mguu wa kushoto, akauweka juu ya paja langu. Ngozi iliyo chini ya zile pete ni laini na inang'aa, haijaona jua tangu alipokuwa msichana. Nikapenyeza kitambaa katikati na kuanza kusaga. Kazi yenyewe ni ya kuudhi. Chuma kinanuka, kinapata moto, kinalia mpaka meno yanauma. Pete ya kwanza ilikatika. Ya pili ikakatika. Kwenye ya tatu tupa iliteleza, damu ikatoka.

Nilimpangusa. Akaniambia niendelee, mvua itatukuta. Nikaendelea.

Hapo ndipo ninapojionea kinyaa kuliko mahali pengine popote. Niliona damu ya bibi yangu kwenye mkono wangu, na kichwani mwangu nilikuwa nawaza nitamwambiaje Kemunto kwamba nimetimiza tano.

Mguu wa kushoto ulipobaki mtupu, akanyanyua wa kulia. Nilikuwa nimeanza tu kusaga ndipo Sokoro alipoita kutoka ndani. Huwa amelala saa hizo. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama mtu anayeuliza nani amefungua mlango wa zizi.

"Nani amekufa?"

Mkono wangu ukasimama. Katika maisha yake yote ile sauti ya tupa juu ya chuma cha mguuni aliisikia kwenye boma la marehemu tu, mjane anapokatwa pete.

Magokoro alitazama mguu wake, akatazama mlango. Kisha akasema, bila kupandisha wala kushusha sauti, "Hakuna aliyekufa. Ni mjukuu wako, anatafuta chuo."

Sokoro akauliza, "Na chuo kiko mguuni mwako?"

Magokoro akacheka. Sokoro hakucheka. Mimi niliiacha tupa pale chini, nikaenda nyuma ya migomba, nikatapika uji wote wa asubuhi.

Bibi yangu hakudanganywa na mtu. Alijua anachonipa kuliko mimi nilivyojua ninachoomba. Alikuwa tayari kuketi mlangoni kwa mumewe akiwa mjane wa mtu aliye hai, aonekane hivyo na majirani, ili mimi nivae koti. Nami nilikuwa tayari kumpeleka mtoni kama gunia la kahawa linalopelekwa mizanini, nipate kusikia uzito wangu ukisomwa.

Niliporudi nilimwambia basi, tumeacha. Nilidhani atashukuru. Alikasirika. Sijawahi kumwona amekasirika hivyo nami.

"Kwa hiyo umenikata bure?" akasema. "Mguu mmoja nimeolewa, mwingine sijaolewa. Sasa nitembeeje sokoni?"

Mhunzi aliyezifunga alikufa kabla sijazaliwa, na wahunzi wa siku hizi wanatengeneza mageti. Alizikusanya zile zilizokatika, akazitia kwenye kibuyu cha ugoro, akaingia ndani. Mawe ya kwanza ya mvua yalianza kuanguka nikiwa bado nimesimama pale.

Nimekaa chumbani humu tangu wakati huo nikijaribu kujiuliza swali la mwinjilisti, lakini safari hii bila kanisa zima kunitazama. Nataka nini? Bado nataka chuo. Nisijifanye mtakatifu sasa hivi, nakitaka hata nikiandika hapa. Lakini nimegundua kwamba sikuwahi kujiuliza nakitaka kwa nini. Nilitaka koti, nilitaka Kemunto anione, nilitaka Januari isinitishe. Hakuna hata siku moja nilipotaja wale watoto wa darasa la pili. Nimekaa nao muda wote huu nikiwaona kama kituo cha kungojea basi. Kuna mmoja bado hawezi kusoma jina lake, na mimi nilikuwa mitaani nikiwinda walevi wa kubatiza.

Hao ndio ningependa kuwaangalia kwanza. Chuo nitakiomba kwa jina langu, kwa mtihani, kama watu wengine. Nikishindwa, nishindwe kwa miguu yangu mwenyewe.

Rahisi kuandika.

Mama amekuja tena mlangoni. Safari hii si habari ya chakula. Sokoro ananiita.

Nimerudi sasa hivi. Nilimkuta ameketi karibu na moto, na Magokoro upande wa pili, amenipa mgongo. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata kwa laana. Babu akanyoosha mkono hewani mpaka nikampa wangu. Akaupapasa kidole kwa kidole, na unga wa chuma ulikuwa bado umenishika kwenye kucha.

"Kama chuo kinataka nife," akasema, "uniambie mapema. Nisikae hapa nangojea chai."

Magokoro alicheka akiwa vile vile amenipa mgongo. Nikaona mabega yake yakitikisika. Sokoro naye akacheka, na nikaelewa kwamba walikuwa wamelizungumza jambo hili wawili wao wakati mvua inanyesha, na kwamba walikuwa wamekubaliana. Babu alikuwa anasema kweli. Ningesema neno moja tu, naye angejifanya amekufa, na mkewe angenyoosha mguu wa kulia.

Nikamwambia hafi mtu. Nikamwambia Magokoro haendi mtoni. Babu akaachia mkono wangu, akasema basi nimsukumie kuni motoni kabla sijaondoka, baridi ni kali. Nikazisukuma. Magokoro bado hajaniambia neno, wala hajaniita mume wake.

Kesho, siku ya Sabato, kanisa lote litakuwa mtoni. Kemunto atakuwa na wanne wake wamejipanga kwa nguo nyeupe. Wale wavulana wangu nitawaambia watacheza mpira wakibatizwa wasibatizwe, na Obwocha nitamwachia ahadi yake. Sijui nani atabaki. Kisha mwinjilisti ataniita mbele kwa ile sauti yake nzuri, aniulize nafsi ya tano iko wapi.

Nitamwambia iko nyumbani, kwa mumewe.