Ugonjwa Nilioudhani Umetoka Kwako

Chechelesi, Isiolo
Jumapili, baada ya kanisa

Mke wangu mpenzi, Mama Mghoi,

Naomba barua hii ikukute ukiwa na afya, wewe na Mama na mtoto wetu. Presha ya Mama inaendeleaje? Bado anakataa kumeza dawa siku ambazo kichwa hakimuumi? Na kile kikohozi cha Mghoi kiliisha, au mvua imekirudisha? Mimi leo ni mzima kuliko nilivyokuwa miezi miwili iliyopita. Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu yetu husikilizwa na kila aliye jikoni, na haya ninayotaka kukueleza ni yako peke yako. Barua ataileta Mwakio, yule fundi wa mabati anayerudi Wundanyi. Hajui kilichomo. Bahasha nitaifunga kwa gundi na kupitisha selotepu juu, maana siku hizi nimekuwa mtu wa kumshuku kila mtu, na utaona tabia hiyo imenifikisha wapi.

Uliniuliza kwa nini nilinyamaza karibu mwezi mzima, nikakwambia Kipsing hakuna netiweki. Ni kweli netiweki ya huko ni mbaya, lakini kuna kilima nyuma ya shule ambapo watu husimama wakapiga simu. Sikukipanda. Sikutaka kusikia sauti yako.

Nianze mwanzo. Baada ya Pasaka, niliporudi kutoka nyumbani, tulipewa kazi ya kujenga nyumba za walimu huko Kipsing. Tulikuwa tunalala kazini wiki mbili, kisha tunashuka mjini kupumzika. Karibu na shule kuna boma la mama mmoja Msamburu anayeitwa Mama Naserian. Mafundi wote walikuwa wananunua maziwa ya mbuzi kwake. Wengine waliyapeleka kwenye chai, yakachemka. Mimi, kwa lile jua na ile saruji kooni, niliyanywa yakiwa bado na joto la mbuzi, kutoka kwenye kibuyu chenye harufu ya moshi. Mama Naserian alikuwa akiniambia, "Kunywa fundi, hii haina maji kama ya town." Nikanywa asubuhi na jioni, na nikanenepa kidogo, nikajisifu.

Baadaye ikaanza homa. Inakuja jioni na jasho, asubuhi imeondoka. Mgongo na magoti yakauma kama ya mzee. Nikameza dawa za malaria za dukani, hazikusaidia. Kisha siku moja niliamka korodani ya kushoto imevimba, inauma hata suruali ikigusa, na ngazi siwezi kupanda. Sikumwambia mtu. Mwanamume akivimba mahali hapo, kila mtu ana jibu tayari mdomoni.

Nilishuka mjini nikaingia kliniki moja ya mtu binafsi, chumba kilicho nyuma ya duka la simu. Mwenyewe huvaa koti jeupe na watu humwita Dokta. Hakunitazama hata dakika mbili.

"Uko na bibi?" akaniuliza.

"Ndiyo."

"Ako wapi?"

"Nyumbani, Taita."

"Na hapa Isiolo uko na nani?"

"Sina mtu hapa."

Akacheka kidogo huku akivuta dawa kwa sindano. "Fundi, hii ni gono. Haikujangi na upepo. Kama si wewe, basi uliza nyumbani."

Alinichoma bila kupima hata tone la damu. Nikatoka pale nikitembea polepole, na njia nzima hadi Chechelesi nilikuwa nahesabu. Tangu nihamie huku sijamgusa mwanamke yeyote ila wewe, Mama Mghoi. Naliandika hili mbele za Mungu. Sasa kama mimi si wa kulaumiwa, na ugonjwa ninao, na mara ya mwisho nilikuwa na wewe wakati wa Pasaka, aliyebaki ni nani?

Jioni hiyo nilikupigia, na kati ya habari nyingi ukasema, "Yule kijana wa afya alikuja tena leo na pikipiki." Uliendelea kueleza juu ya mkoba wake na mashine ya kupima presha. Mimi nilisikia kijana na nikasikia pikipiki. Nikakuuliza ni nani huyo. Ukasema ni mhudumu wa afya wa kijiji, ametumwa kuzunguka nyumba kwa nyumba. Kesho yake nikakuuliza tena, kwa njia nyingine, kama polisi. Ukajibu vile vile. Mara ya tatu ulijibu, kisha ukasema, "Baba Mghoi, una nini?" Nikakata simu, halafu nikakutumia ujumbe kwamba netiweki imepotea.

Sasa nikwambie lile ambalo hulijui. Nilimpigia jirani yetu Mwandawiro. Nikamwomba aangalie ni nani anaingia kwangu, saa ngapi, na anatoka saa ngapi. Akaniambia, "Huja Alhamisi. Hukaa kama nusu saa." Nikamuuliza hukaa chumba gani. Akasema, "Kaka, hukaa uani, na mama yako." Badala ya kutulia nikaamua kwamba na yeye mmeshamweka upande wenu. Hivyo ndivyo kichwa changu kilivyokuwa.

Ile sindano ilipunguza maumivu siku chache, kisha yakarudi. Nikaenda hospitali ya kaunti. Muuguzi aliyenipokea ni mama wa makamo, Mborana, wanamwita Sista Halima. Waliokuwa mbele yangu aliwaambia salaam aleikum, mimi akaniambia habari ya mgonjwa, kwa upole kabisa. Lakini alikuwa na fomu, na maswali yake yalikuwa mengi. Umelala na mwanamke mwingine? Nikasema hapana, jambo ambalo ni kweli, na nikaona ameinua macho. Umechomwa sindano yoyote kabla ya kuja hapa? Nikasema hapana, kwa sababu niliogopa wangeandika gono na habari imfikie kontrakta. Unafanya kazi wapi? Nikasema hapa mjini. Unakunywa maziwa ya aina gani? Hilo lilinishangaza, nikadhani ananizungusha kunitega, pengine anataka kujua kama kuna mwanamke anayenipikia. Nikasema, "Ya chai tu."

Yote aliyaandika jinsi nilivyosema. Wakanipima damu na mkojo kulingana na maneno yangu. Sina virusi, sina kaswende, sina gono. Mtu mwenye akili angefurahi. Mimi niliichukua ile karatasi nikaipeleka kwa yule Dokta wa nyuma ya duka la simu. Akaitazama, akanirudishia. "Si niliiua na sindano? Hao hawawezi kuiona tena."

Tazama jinsi alivyoziba kila mlango. Karatasi ikisema ninao, amesema kweli. Karatasi ikisema sina, bado amesema kweli. Nikamwamini yeye, na nadhani ninajua sababu. Hasira iliyokuwa ndani yangu ilitaka awe amesema kweli.

Nikarudi Kipsing. Siku ya tatu homa ilinishika nikiwa ukutani mchana, mwiko ukaanguka, wakanishusha wakaniketisha kivulini kando ya tangi la maji. Mama Naserian alikuwa ameleta maziwa. Akainama akanitazama.

"Mgongo inauma?"

"Ndiyo."

"Na jasho, jioni?"

"Ndiyo."

"Na huku chini imefura?"

Niligeuza uso. Alingoja tu, kama anayemuuliza mtoto wake.

"Hiyo ni ugonjwa ya maziwa," akasema. "Mzee yangu ilimshika hivyo hivyo. Mbuzi ikianza kutupa mimba, watu nao wanaanza kuumwa mgongo. Na hii msimu mbuzi yangu mingi imetupa."

Badala ya kumshukuru nilimkasirikia. "Kwa hivyo ulijua, na bado ukaniuzia?"

"Mimi nakunywa. Watoto yangu wanakunywa," akasema. "Ningekuficha nini?"

Nilikaa pale nikikumbuka lile swali la Sista Halima juu ya maziwa, na jinsi nilivyomjibu.

Kesho yake lori la mchanga lilikuwa linashuka mjini. Nilipanda, na mzee wa Mama Naserian, mumewe, nikampandisha pia, kwa maana mgongo wake ulikuwa haumruhusu hata kuchunga. Nilimkuta Sista Halima nikamweleza yote: sindano, Kipsing, kibuyu, hata wewe na pikipiki. Aliweka kalamu chini.

"Kwa nini ulinidanganya?"

"Nilidhani unanichunguza."

"Ndiyo nilikuwa nakuchunguza," akasema. "Hiyo ndiyo kazi yangu."

Wakanitoa damu tena, safari hii wakitafuta homa ya maziwa, nao hapa huiita bruselosi. Ilikuwepo. Mzee naye alikuwa nayo. Daktari akatuandikia vidonge vya aina mbili, vya wiki sita, bila kuruka hata siku moja. Kisha Sista Halima akaniambia, "Sasa uliza wewe. Mimi nimeshauliza ya kutosha."

Nilimuuliza kama moshi wa kibuyu hauui hivyo vijidudu. Akasema hauui, ni moto tu, maziwa yachemke mpaka yapande. Nilimuuliza kama tutaweza kupata mtoto mwingine. Akasema wengi hupona vizuri wakimaliza dawa, na nikimaliza nirudi wanitazame. Nilimuuliza kama naweza kukuambukiza. Akasema ni mara chache sana, lakini nimalize dawa kwanza ndipo nije nyumbani. Mwisho, kwa sauti ndogo, nikamuuliza kama ugonjwa huu unaweza kuwa umetoka kwa mke. "Umetoka kwa mbuzi," akasema. "Mke wako mwache."

Leo niko wiki ya tano. Uvimbe umeisha, mgongo umetulia, naenda kazini. Usifikiri shuku ziliniacha mara moja. Wiki ya tatu nilipojiona nimepona nilianza kusema hawa watu wa hospitali wanataka tu nirudi kwao kila mara, nikakaribia kuacha vidonge. Nilimwona yule mzee akimeza vyake bila kunung'unika, nikaona aibu, nikameza. Siku nyingine nilipita kwenye ile kliniki, nikamkuta mama mmoja ameketi kwenye benchi anangoja. Nikamwambia tu, "Kabla hajakuchoma, mwambie akupime." Aliniangalia kama nilivyomwangalia Sista Halima.

Sasa nisikilize juu ya nyumba. Maziwa ya ng'ombe wetu yachemsheni, hata ya kugandisha, hata Mama akisema yanapoteza utamu. Juu ya presha yake nilimuuliza Sista, akasema presha mara nyingi haitoi dalili, kwa hivyo asingoje kichwa kiume. Dawa ni ya kila siku. Asiendelee kumgawia shangazi vidonge vyake, na shangazi akapimwe mwenyewe. Na akitumia mizizi yake ya kienyeji, amwambie mhudumu wa afya bila kuficha, kwa sababu baadhi ya dawa hazipatani. Yule kijana akija Alhamisi mpe chai, na umjibu kila anachouliza, hata akiuliza jambo linaloonekana la kipuuzi. Mimi simjui, na nimemtukana moyoni zaidi ya mtu yeyote duniani.

Msalimie Mama, umwambie nampenda na nimekasirika juu ya dawa. Mghoi umwambie baba anaendelea vizuri, na kalamu za rangi nimezinunua. Dada yako fundi cherehani nisalimie, pia mchungaji na mkewe. Mwandawiro akikukwepa njiani, usimlaumu. Anaona haya kwa niaba yangu. Alinijibu ukweli, mimi ndiye niliyeukataa.

Nilikuwa nimekunja karatasi ya maabara niitie humu, uone kwa macho yako kwamba ni maziwa na si mwanamke. Nimeitoa. Wewe ulinijibu mara tatu bila karatasi yoyote, nami sikukuamini hata mara moja. Sasa ni mimi ninayekuomba uniamini kwa maneno matupu. Ukiitaka karatasi, sema, nitaituma siku hiyo hiyo bila kuuliza kwa nini, na nitajua ulivyokuwa unahisi ukiwa upande ule mwingine wa simu.

Wako, ambaye Jumamosi atapanda kilima kungoja simu yako,

Baba Mghoi