Ubishi wa Petroli Haujaisha, Mtani

Mtani wangu Shomari,

Nakuandikia kutoka Gaithersburg, huku Marekani, kwenye meza ya binti yangu, nimevaa sweta mbili kama kawaida. Arobaini yako tumeisoma Jumamosi iliyopita kule Lanham, nyumbani kwa mwanao Idi. Watu walijaa mpaka viatu vikakosa nafasi mlangoni. Pilau ya mkeo, Bi Mwanaidi, ilikuwa ileile, ila safari hii hakuwepo wa kuninyang'anya ukoko.

Siku ya mazishi sikukutania, na najua umenuna. Nisikilize kwanza. Kwetu, Mnyamwezi akimzika mtani wake Mzaramo, hushuka kaburini akalala chali, na hatoki mpaka wafiwa wampe chochote, hata kuku. Nilikuwa nimeshajiandaa, pamoja na magoti yangu mabovu. Lakini makaburi ya huku yana wafanyakazi wao, wamesimama na katapila wakitazama saa, na Idi akanishika mkono akaninong'oneza, "Mzee, please, hapa wataita polisi." Basi nikasimama pembeni kama mgeni. Iliniuma. Mzaramo mzima umezikwa kimya, kama mtu asiye na watani!

Kwa hiyo Bi Mwanaidi aliponiomba nizungumze kwenye arobaini, niwaeleze wajukuu kazi tuliyokuwa tukiifanya kwenye kiwanda cha kusafisha mafuta Kigamboni, nikaona hapohapo ndipo pa kukutania. Halafu nikaingiwa na hofu. Utani ni wa wawili. Ule ubishi wetu nikiusema mimi peke yangu, nani atanijibu? Ningekudhulumu mbele ya mkeo na watoto wako, nawe huna tena mdomo wa kujitetea. Usingizi ulinipaa wiki nzima kwa ajili yako, wewe mzee.

Unakumbuka ubishi ulivyoanza? Tulikuwa vijana, tumetoka zamu, mikono inanuka mafuta hata baada ya sabuni. Mkufunzi alikuwa ametusimulia historia ya petroli. Mimi nikasema shujaa ni yule aliyeongeza wingi wake. Wewe ukasema hapana, ni yule aliyeifanya iwe bora, isiifanye injini igonge kwa ndani. Ukanicheka: "Mpagazi wewe, kwako kizuri ni mzigo mkubwa tu!" Nami nikakujibu kwamba ni ajabu kwa watu wa ngoma kuchukia kugonga. Tukacheka mpaka msimamizi akatufukuza.

Ubishi huo tukauvusha bahari. Tumeuzeesha ndani ya gari langu, kwenye foleni za huku, wewe na mkongojo wako katikati ya magoti. Na kwenye kituo cha mafuta pale Lanham ulikuwa hukai garini. Watu wetu wanapenda kubonyeza petroli ya bei kubwa kuliko zote, wakidhani wanakapa kagari kao baraka. Ukimwona mmoja unamfuata. "Mama, gari lako halina ugonjwa wa kugonga. Dawa ya nini?" Wengine walikushukuru, wengine walipandisha vioo.

Basi Jumamosi nikasimama. Nikawaambia wajukuu kwamba zamani sana mafuta ghafi yalichemshwa ili kupata mafuta ya taa, na petroli ilikuwa kero, wengine wakiimwaga. Magari yalipoingia mambo yakageuka. Kila mtu akataka petroli, na mafuta ghafi yanatoa kiasi chake tu. Nikawaonyesha mbuzi ya nazi ya bibi yao. Ukishakamua tui, unabaki na machicha. Sasa wataalamu wale waliyachukua mafuta mazito, yaani machicha yao, wakayabana kwa moto mkali na mgandamizo mpaka yakavunjika, yakatoa petroli tena. Nani amewahi kuona machicha yakitoa tui jipya? Nikapiga kifua. Nikasema huo ndio ushujaa, wingi, na kwamba babu yao Shomari, Mungu amrehemu, alikuwa mvivu wa pwani aliyeogopa mzigo. Wazee wakaangua kicheko. Bi Mwanaidi akacheka na kulia kwa pamoja, akanitupia kanga yake.

Halafu nikataka kusema upande wako, Mtani, na sauti ikanikatikia. Niliyajua maneno yote, nimeyasikia maisha yangu yote, lakini yalikuwa yako. Nikabaki nimesimama na ile mbuzi mkononi.

Ndipo akainuka Zuwena, binti wa Idi, yule anayesoma chuo kule mjini, Shaw. Unajua mwenyewe, miaka yote ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza. Akasema, "Babu Masanja, no. Hapana. Petroli mbaya inawaka kabla ya wakati wake, injini inagonga, inavunjika. Sasa hiyo nyingi yako itafanya nini? Ume-waste yote." Akaendelea, "Na mwisho walitumia udongo maalumu wa kuchochea, catalyst, wakavunja mafuta mazito, wakapata nyingi na nzuri. So Babu Shomari was right. Nyingi peke yake haitoshi." Nikamuuliza amejifunza wapi. Akasema, "Kwenye gari lenu. Nilikuwa nyuma."

Tulidhani amelala, Shomari! Au ana vile vitu vyake masikioni. Nililia mbele za watu, wala sikuona haya. Nimekukosa sana, ndugu yangu. Barabara ya kuja Lanham imekuwa ndefu, na redio haibishani na mtu.

Lakini sikumkubalia. Nilijipangusa machozi nikamwambia bila wingi baba yake asingekuwa na gari la kumpeleka shule, naye akaja juu, na hatujamaliza. Amenitaka nirudi Jumamosi hii. Nitakwenda. Nakuahidi nitambishia kwa nguvu zangu zote nilizobakiza, wala sitampa ushindi wa bure kwa sababu ni mjukuu wako.

Pumzika, Mtani. Na huko uliko, wakikuuliza habari zangu, usinitetee. Nitakuja kubisha mwenyewe.

Mpagazi wako,
Masanja