Jumapili za Motokaa ya Masanja

Jumapili, 2 Agosti 1953

Tumetoka tena leo. Jumapili ya nne mfululizo. Baada ya ibada Baba hakungoja hata chai. Alikwenda moja kwa moja kwenye motokaa, akakaa kiti cha mbele, fimbo katikati ya magoti. Mimi nyuma, pamoja na debe la maji, pampu na gurudumu la akiba. Masanja akazungusha hendeli mara tatu. Ikanguruma.

Masanja ni mdogo wangu. Miaka saba kwenye mgodi wa dhahabu kule Geita, fundi wa mitambo. Mwezi wa sita alirudi hapa Didia kwa likizo ndefu, na gari dogo la kijani ambalo Mzungu mmoja alilitupa likiwa limekufa. Amelifufua mwenyewe. Tangu siku hiyo nyumba yangu haina habari nyingine.

Hatuendi popote. Hilo ndilo linaloniudhi. Tunakwenda mpaka palipo na kitu cha kutazama, tunatazama, tunarudi. Leo tumetazama majabali upande wa Tinde. Watoto walitukimbilia. Wanawake waliacha kutwanga wakasimama kutuamkia. "Mwadila, Baba!" Baba akainua mkono kama mtemi anayepita kwa raia wake.

Tuliporudi alimshukuru Masanja, "Wabeja, mwanangu. Leo nimeiona dunia."

Nimekaa na Baba miaka kumi na moja, tangu Mama afariki. Nimempeleka zahanati kwa baiskeli, nikiisukuma kwenye mchanga jua likiwa utosini. Mimi ananiita Mwalimu, kama watu wengine wote.

Jumanne, 4 Agosti

Darasa la tatu wameniuliza kama motokaa ni yangu. Nimewapa hesabu za kugawanya mpaka saa ya kwenda nyumbani.

Jumapili, 9 Agosti

Tulikwama kwenye mto mkavu. Mchanga ulimeza magurudumu ya nyuma yote mawili. Nilisukuma nimevaa shati langu la kanisani. Masanja kwenye usukani anapiga kelele, "Tena, kaka! Tena!" Baba hakushuka. Tulikata matawi, tukayatandika, gari likaruka likaniachia vumbi mdomoni.

Ng'ambo ya mto tulipumzika. Masanja akamwuliza Baba kama aliwahi kufika hapo. Baba akacheka. Akasimulia jinsi alivyolala juu ya mti mahali pale pale, akiwa kijana mchungaji, simba wawili wakila ndama chini. Alilia usiku kucha, si kwa hofu bali kwa hasira, maana ndama alikuwa wa jirani.

Miaka kumi na moja. Sijawahi kusikia habari ya ndama huyo.

Niandike na ukweli mwingine, maana hapa sidanganyi mtu. Wakati wa kurudi Masanja aliendesha polepole kando ya mbuga. Korongo walikuwa wamesimama kwenye nyasi za manjano, wengi, hawatuogopi. Upepo ulikuwa na harufu ya pamba iliyoanikwa. Nikajisahau. Kwa muda kama wa kusoma ukurasa mmoja nilifurahi kabisa. Kisha nikakumbuka furaha hiyo ni ya nani, ikanichachia.

Jumamosi, 15 Agosti

Mke wangu, Mama Holo, amesuka nywele. Nimemwuliza kuna sherehe gani. "Si kesho tunatembea, Baba Holo?"

Mimi nikimwambia twende kwa baiskeli hadi kwa dada yake, mgongo unamuuma.

Jumapili, 16 Agosti

Rejeta ilichemka mara mbili. Mara ya pili debe lilikuwa tupu. Kisima hakikuwapo karibu. Tulikaa chini ya mgunga tukingoja ipoe, kwa muda wa karibu saa mbili. Nilidhani sasa watanuna. Nilingoja wanune.

Mama Holo akafungua kitambaa chake cha michembe na karanga. Baba akala akasema viazi vilivyokaushwa vina utamu mwingine ukivila porini. Masanja akalala chali chini ya gari akiimba nyimbo za kule mgodini, miguu nje. Mke wangu alicheka hadi akajifuta machozi. Sikumbuki lini alicheka hivyo nyumbani.

Gari ndilo lililoharibika. Lakini kati yetu aliyechemka ni mimi peke yangu.

Masanja hana hila. Nasema hivyo ingawa sipendi. Ananiamkia shikamoo kila asubuhi. Angekuwa na majivuno ningemchukia kwa raha.

Jumatano, 19 Agosti

Saidi, mchuuzi wa kaniki, amepita shuleni akielekea Shinyanga mjini. Ametoka pande za Runzewe. Alinikabidhi barua ya Baba.

Baba hajui kusoma. Barua zake zote nazifungua mimi. Ndiyo kazi pekee ndani ya nyumba ile ambayo Masanja hawezi kuninyang'anya, maana yeye mwenyewe husoma kwa kubahatisha.

Imeandikwa tarehe kumi na mbili na mtoto wa Shangazi Kabula. Shangazi ni dada mkubwa wa Baba, ndugu pekee aliyebaki. Aliolewa na Msumbwa kule Runzewe zamani sana. Anaumwa, hainuki kitandani tangu mwezi wa saba. Anamwita Baba kwa jina lake la utotoni. Anaomba aje, kuna maneno anataka kumwambia.

Niliisoma mara mbili nikiwa nimesimama. Nikaona yote yatakavyokuwa. Nitamsomea Baba. Baba atasema, "Masanja, washa gari." Masanja atampeleka kwa siku mbili. Maisha yote litakuwa jambo la Masanja. Mimi nitashika debe.

Shule inafungwa mwezi ujao. Ningeweza kumpeleka mwenyewe: basi hadi Kahama, kutoka hapo lori. Baba kwenye bega langu. Siku hizo chache zina tofauti gani? Wagonjwa wa uzee hukaa muda mrefu.

Barua iko ndani ya daftari la mahudhurio.

Alhamisi, 20 Agosti

Sijamsomea.

Ijumaa, 21 Agosti

Baba aliuliza kama Saidi alipita. Nikasema alipita. Sikusema uongo.

Jumapili, 23 Agosti

Leo tumekwenda upande wa magharibi, njia ya Kahama. Barabara nzuri, changarawe mpya. Masanja alizima injini kileleni mwa kilima na kuliacha gari litelemke lenyewe. Kimya. Unasikia njiwa tu na magurudumu. Mama Holo alifumba macho. Hakuna raha kama hiyo, na mimi nilikaa ndani yake kama mwizi aliyekaribishwa chakula.

Chini ya kilima Baba akanyoosha fimbo kuelekea jua linakotua. Akasema, kule ndiko walikompeleka Kabula. Alimsindikiza kwa miguu siku tano, yeye akiwa mvulana. Kabula ndiye aliyembeba mgongoni tangu mama yao alipokufa.

Masanja akasema, "Kwa nini tusiende, Baba? Nitakupeleka."

Nikadakia. Nikasema barabara ya kule mbaya. Nikasema kuna daraja limevunjika. Nikasema kwenye kizuizi cha kukagua mbung'o wanazuia magari madogo siku nzima.

Hakuna daraja lililovunjika. Hakuna nilichokijua. Lakini mimi ni Mwalimu, wakaniamini. Baba akashusha fimbo.

Jumanne, 25 Agosti

Mama Holo anasema sili vizuri. Nimemwambia ni meno.

Ijumaa, 28 Agosti. Kahama.

Nimeandika kwenye karatasi, daftari limebaki nyumbani. Nitaibandika humo.

Asubuhi Saidi alirudi kutoka mjini. Akasimama mlangoni mwa darasa. "Vipi Mwalimu, mgonjwa mmeshamwona?" Nikasema bado. Alinitazama. Akasema jioni atapita kumpa Mzee pole.

Kilichonipeleka nyumbani mbio ni hofu. Niandike wazi. Haikuwa huruma, haikuwa Mungu. Hofu ya Saidi.

Baba alikuwa kwenye kigoda anachonga mpini wa jembe. Masanja alikuwa anaosha gari. Nikamsomea barua yote, neno kwa neno, kwa Kiswahili kisha kwa Kisukuma. Baba alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Halafu akauliza jambo ambalo hajawahi kuniuliza kwa barua yoyote.

"Imeandikwa lini?"

Ningeweza kudanganya. Yeye asingejua. Nikasema tarehe kumi na mbili.

"Na wewe uliipata lini?"

"Jumatano ya wiki iliyopita, Baba."

Alihesabu kwa vidole vyake, taratibu, alipofika kidole cha tisa akasimama. Hakunigombeza. Alisema tu, "Nileteeni viatu."

Masanja aliweka kitambaa chini. Kisha, "Kaka, jaza debe." Basi.

Nilimwachia mwalimu mwenzangu darasa. Tulipotoka Baba alifungua mlango wa nyuma akaingia. Akajilaza kwenye gunia, uso ameugeuzia ubavu wa gari. Masanja akanionyesha kiti cha mbele. Nikakaa.

Nimekitamani kiti hiki miezi miwili. Mchana wote nilisikia pumzi za Baba nyuma ya shingo yangu.

Jumamosi, 29 Agosti

Pancha mbili kabla ya adhuhuri. Nilipiga pampu hadi viganja vikatoka malengelenge. Sikulalamika.

Kizuizi cha mbung'o kipo kweli. Banda la nyasi, mti umelazwa barabarani. Mlinzi mmoja mwenye wavu mdogo, anapekua gari kwa utulivu kama anayetafuta sindano. Chini ya viti. Ndani ya mifuko. Alimnasa mbung'o mmoja kwenye gunia la Baba, akatuonyesha kwa fahari. Akaturuhusu. Hatukukaa muda wa kuchemsha chai. Masanja hakunitazama. Heri angenitazama.

Halafu msitu. Miombo saa baada ya saa, majani mapya mekundu. Tumbili. Swala pala mmoja alivuka mbele yetu. Jumapili nyingine tungesimama. Leo hakuna aliyesema, "Tazama."

Madaraja yote mazima. Niliyahesabu.

Jumapili, 30 Agosti. Runzewe.

Tulifika jana jua likizama. Yupo hai.

Mwanaye, yule aliyeandika barua, alitupokea uani. Akatuamkia mmoja mmoja. Kisha akasema: hadi Jumatano alikuwa anaongea. Kila asubuhi aliuliza kama ndugu yake amefika. Jumatano mdomo ulipinda upande, tangu hapo hasemi.

Jumatano. Siku tatu tu kabla hatujafika.

Baba aliingia akakaa chini kwenye mkeka. Alishika mguu wa Shangazi, akaubana kwa mikono miwili. Alimwita. Macho ya Shangazi yalimjua. Mdomo ulihangaika, ikatoka sauti bila neno. Baba alisogeza sikio karibu kabisa na midomo yake. Alikaa hivyo, ameinama, muda mrefu sana, akisikiliza.

Nilitoka nje.

Jumanne, 1 Septemba

Baba hasemi nami. Si kwa hasira ya kuonekana. Nikimpa maji anapokea. Nikimwamkia anaitika marahaba. Ni kama vile mimi ni mgeni wa heshima.

Masanja alizungumza mwishowe. Tulikuwa tunaziba tyubu kivulini. "Kaka, ungeniambia tu unataka umpeleke wewe. Ningekupa gari na mimi mwenyewe niwe dereva wako." Akaendelea kusugua mpira. Hakukuwa na kejeli ndani yake. Hata wema wake nauonea wivu.

Jumatano, 2 Septemba

Leo Baba alimwomba Masanja wamtoe Shangazi atembezwe kidogo kwa gari. Mtoto wa Shangazi akaogopa. Baba akasema, "Amelala mwezi mzima anatazama dari. Atazame kingine."

Walitandika godoro la majani nyuma. Masanja alimbeba kama mtoto. Baba akapanda akakiweka kichwa cha dada yake mapajani. Mlango wa nyuma waliuacha wazi ili aone nje. Gari lilikwenda mwendo wa ng'ombe. Nafasi yangu haikuwapo, nikafuata nyuma kwa miguu.

Walipita kisimani. Walipita mashamba ya muhogo. Watu walisimama wakamsalimu kwa Kisumbwa. Walipofika uwazini upepo ukaja, na nikaona mkono wake mmoja, ule mzima, ukiinuka ukabaki hewani, vidole vimetawanyika, kama anayepima kitambaa dukani. Baba alikuwa anamwimbia kitu. Wimbo wa kubembeleza. Sauti yake mbovu. Siujui wimbo huo. Labda ndio alioimbiwa yeye.

Nilitembea ndani ya vumbi lao. Hata pale, nikijua nilichofanya, niliona wivu: kwa Masanja aliyeshika usukani, kwa Shangazi aliyeshikwa kichwa. Nimeandika ili nisije nikajidanganya baadaye kwamba nilikuwa na majuto tu.

Ijumaa, 4 Septemba

Amefariki alfajiri. Baba alikuwa naye.

Jumapili, 6 Septemba

Mazishi yalikuwa jana. Nilichimba pamoja na vijana wa hapa. Malengelenge yalipasuka. Kesho tunarudi Didia. Maneno aliyotaka kumwambia Baba hakuna anayeyajua, hata mwanaye. Nilimwuliza.

Jumapili, 11 Oktoba. Didia.

Mvua ya kwanza ilinyesha juzi. Masanja alikwisharudi Geita na motokaa yake tangu wiki iliyopita. Barabara imenyamaza. Baada ya ibada watu wanakwenda nyumbani kwa miguu.

Jana ilikuja barua ya Baba kutoka Geita. Aliileta mtoto wa jirani, akataka kunikabidhi. Baba akanyoosha mkono akaichukua yeye. Akavaa koti. Akatembea hadi kwa katekista, nusu saa kwenda, nusu saa kurudi, barabara ikiwa tope. Nilimtazama kutoka barazani mpaka alipopotea nyuma ya minyaa.

Leo mchana, tukila, alisema, "Masanja mzima. Anawasalimu wote. Gari limepata breki mpya."

Nikasema, "Vizuri, Baba."

Mama Holo akamwongezea mlenda. Nje kulikuwa na jua, na ardhi inatoa mvuke. Kesho naanza kulima.