Breki kwenye mlima wa Bura

Rafiki yangu Silvanus, Mwandawiro amezikwa leo, na mimi sikuwepo kaburini. Ndugu yangu wa tumbo moja.

Niliomba niupeleke mwili wake nyumbani kwa lori mimi mwenyewe. Sheikhan, dereva anayenifundisha lori, alisema, "Mzee, hapa Voi unapojifunzia ni tambarare. Mlima utakuumbua." Nikamwambia nilijifunza kusoma nikiwa na mvi, gia zitanishinda nini.

Katikati ya mlima nikatoa gia ya tatu. Ya pili ikakataa, kisha ikakwama. Lori likarudi nyuma, na jeneza limo, na akina mama wanaoimba wamo. Nikakanyaga breki kwa miguu yote miwili.

Wimbo ukakatika. Mjane wake, Loise, akaja dirishani. "Shemeji, usiinue mguu. Tutambeba wenyewe."

Tutambeba wenyewe, Silvanus. Aliniambia hivyo, bila hasira.

Wakapanda naye kwa miguu. Sheikhan, aliyekuwa ameketi kando yangu, akaingia chini ya lori kuikwamua gia. Breki ya mkono ilikuwa haishiki; ningeinua mguu, ningemuua. Nikakaa nikisikia nyimbo zikipotelea juu, na padri hakuweza kungoja, jua lilikuwa linazama.

Baadaye wanaume walishuka kunisukuma. Mikono yao ilikuwa na udongo wa kaburi. Mimi sikumtupia ndugu yangu hata kiganja kimoja.