Baba, Msamaha Wako Nimeurudisha

Baba,

Ami, ndugu yako, kanifikishia salamu zako Ijumaa, baada ya sala. Alikaa barazani, akanywa chai yake yote, ndipo akasema kwamba umenisamehe. Nikamwomba arudie. Akarudia, macho chini: "Kasema kakusamehe, mwanangu. Kasema weye ulikuwa mtoto, hukujua unachokitenda."

Nilikijua. Nakuandikia ili nawe ukijue, kwa sababu mahakamani muda wote ulikuwa ukitazama dari.

Unakumbuka likizo ile niliyokuja nyumbani Gando na karatasi za klabu ya sayansi? Nilikuwa kidato cha tatu, nimepangiwa kueleza namna daktari anavyojua mtu kafa saa ngapi. Nilijizoeza uani mbele yenu wawili, wewe na Bi Ramla, mkeo aliyenilea tangu mama alipofariki nikiwa na miaka sita. Aliweka ungo wa mchele chini akanisikiliza kama anasikiliza hotuba ya Ijumaa. Nikaeleza kwamba moyo ukisimama, damu huteremka upande uliolaliwa, ngozi ya huko ikawa zambarau, na zikishapita saa kama nane rangi ile haiondoki tena hata maiti ageuzwe.

"Na pale mwili ulipogandamiza?" aliuliza.

Nikamwambia hapo hubaki peupe, damu haipati nafasi. Wewe ukapiga miayo. "Mambo ya maiti hayo. Soma vya maana," ukarudi kwenye simu yako. Dakika tano, Baba. Ungesikiliza dakika tano tu ungekuwa muuaji mwenye akili kidogo.

Wageni wakija ulikuwa ukiniita "daktari wangu". Wakiondoka, hukujua hata nasoma darasa la ngapi. Bi Ramla ndiye aliyekuwa akinifunikia daftari kwa magazeti na kunitaka nimsomee yaliyomo.

Halafu asubuhi ile nikaitwa kutoka Wete, kwa Ami nilikokaa kwa ajili ya skuli. Nikakukuta umeketi na wanaume, kanzu imepigwa pasi, unasimulia. Bi Ramla kaamka mzima, kasali alfajiri, kaenda kwenye mwani wake. Wewe ukamfuata baadaye, ukamkuta kalala kifudifudi majini. Presha, ulisema. Kaburi lilikwisha chimbwa, azikwe baada ya adhuhuri.

Niliingia kumwosha pamoja na Bi Mize, muosha maiti wa kijiji, ambaye naye analima mwani. Tulipomgeuza, mgongo wote ulikuwa zambarau. Ndani ya rangi ile mlikuwa na mistari myeupe iliyokatizana. Nikabonyeza kwa kidole, rangi haikuhama. Kifuani na tumboni, ulikosema kalalia, hapakuwa na kitu. Mistari ile niliijua. Ni kamba za kitanda cha ukumbini, kile kisicho na godoro.

"Bi Mize, huyu hakufa leo," nikasema. "Kafa jana. Kalazwa chali saa nyingi ndipo akapelekwa pwani."

Akaniambia tunayoyaona chumbani mle hayatoki nje. Nikaendelea kumimina maji. Yeye akawa anaosha mguu ule ule mara ya tatu. Kisha akasema polepole, "Leo maji mafu, bahari haikauki. Hakuna mwanamke aendaye mwani mpaka bamvua, maji yakitoka mbali. Ramla kafuata nini huko?"

Miaka kumi mkeo alilima mwani, nawe hukujua hata siku anazokwenda.

Bi Mize akafuta mikono. "Tunachomfichia maiti ni aibu yake. Hii si aibu yake. Nenda ukaseme."

Nikamwendea sheha, mkuu wa kijiji, pale pale msibani, jeneza liko tayari mlangoni. Nilieleza vibaya, kwa kigugumizi, huku watu wazima wananikodolea macho. Ukasema kwa sauti ya upole, ile ya mbele ya wageni, "Mtoto kachanganyikiwa na msiba. Mrudisheni ndani." Mtu akanishika mkono. Hapo Bi Mize akasema nyuma ya pazia, "Sheha, alichokiona nami nimekiona. Maiti huyu hazikwi leo."

Polisi walikuja, daktari akamtazama. Mfupa wa shingo ulikuwa umevunjika, na mapafuni hapakuwa na maji ya bahari. Siku ya pili ulikiri. Alitaka talaka, ulisema, tena nguo kishafunga. Basi neno moja lingetosha, Baba. Wanaume wangapi wa kijiji chetu wameacha wake zao, na kesho yake wakaenda shamba kama kawaida? Wewe ulishindwa kutamka neno, ukaona shingo ya mtu ndiyo rahisi.

Siwezi kusema sikukulilia. Nilimlilia yule aliyekuwa akinibeba mabegani sikukuu ya Idi ili nione ngoma. Nililia mpaka nikaumwa. Na wapo Gando ambao hadi leo hawaitikii salamu yangu. Wanasema nimemfunga mzazi. Bi Mize huwajibu kwamba mzazi kajifunga. Mie siwajibu. Nasoma, na siku za bamvua naingia majini kuvuna mwani wa Bi Ramla, ambao dada yake kaniachia.

Ami anasema unataka nije kukuona. Nimemwambia akurudishie msamaha wako, sina kazi nao. Lakini kuna jambo nililoliona mahakamani. Siku zote zile ulimwita "marehemu". Wakili alipokubana ukamwita "yule mwanamke". Hata katika salamu zako za Ijumaa hayumo.

Ana jina. Siku utakayoweza kulitamka, mbele ya Ami, bila kutazama dari, nitafikiria kuja.

Mpaka hapo, baki huko na uzima wako.

Ni mimi, mtoto wako wa kuzaa, na wa Bi Ramla wa kulea.