Shahidi wa Kura Yangu

Kambi ya jeshi, Ujerumani
3 Oktoba

Mama mpenzi,

Natumai goti limepona. Hapa tunalishwa viazi kila siku.

Leo nimeituma kura yangu kwa posta. Kwa kuwa wewe ndiye karani unayekagua bahasha za tulio mbali, naomba barua hii itangulie. Sheria inataka shahidi atie saini na anwani yake juu ya bahasha; wangu ni Sajini Emmett, na anwani aliyoandika ni ile ile ya nyumbani kwangu.

Nilimwambia, "Andika ile yako ya zamani."

Akacheka. "Nidanganye serikali kwa kumwogopa mama mkwe? Wee Ingrid, kura itakataliwa!"

Ndiyo, Mama, mkwe. Tulioana Agosti, nikakosa ujasiri wa kukuambia. Lakini kura yangu ya kwanza siiharibu kwa uongo. Ukifika nyumbani nikasirikie utakavyo. Ukiwa kazini, ipokee.

Mwanao akupendaye,
Ingrid